Kabla Mnara Haujawaka

9 Januari

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa chini, miguu yote miwili ardhini, na siyo huko juu unakoning'inia kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Sisi hatujambo. Baba anafanya kazi, anakohoa, anafanya kazi. Mimi nimepanda kidato. Katika ile lugha nyingine ya shuleni nimekuwa wa pili darasani, na katika kuzungumza mbele ya wenzangu nimekuwa wa mwisho, mwaka wa nne mfululizo, kwa lugha zote mbili. Mwalimu wa maktaba amekubali kunipokelea barua zako, kwa hiyo tuma shuleni. Nyumbani usitume. Unajua kwa nini.

Najua ulitaka tuwe tunapigiana. Simu sina, na hata ningekuwa nayo ungebaki unasikiliza pumzi zangu. Si bure uliniita Kasauti. Kwenye karatasi naweza.

Mtaani habari ni moja tu, mtandao. Kwenye ukuta wa jengo letu kuna bango: msichana anacheka, ameshika simu, na maandishi yanasema kasi mpya inakuja mjini hivi karibuni. Lipo tangu mwaka jana. Mvua imeshamtoa msichana jicho moja, lakini watu bado wanalisoma kila asubuhi kama limebandikwa jana. Kwa sasa mtandao unashika sehemu moja tu, kwenye kona ya duka la Kinyozi hapo chini, na watu wanapigania kusimama hapo. Jumamosi fundi cherehani na muuza mkaa walikunjana mashati. Mmoja alikuwa anasubiri ujumbe kutoka hospitali, mwingine matokeo ya mpira. Wa mpira alipigwa kichwa mpaka meno mawili yakadondoka. Kinyozi aliyaokota, akayaweka dirishani kwake, anasema mwenyewe atayachukua akija kunyoa. Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, halafu nikaona haya.

Mnara wa juu ya paa letu umeibiwa betri mara tatu sasa. Umeme ukikatika na betri hazipo, mnara unakufa papo hapo. Wewe ni fundi, unalijua hilo. Siku aliyofariki Mama ilikuwa hivyo hivyo. Saa nane mchana, damu imefika mlangoni, Baba amesimama juu ya meza, ameinyanyua simu dirishani, anaita gari la wagonjwa na simu inamwambia hakuna mtandao. Mimi nilishika miguu ya meza isiyumbe. Tangu siku hiyo Baba hasemi "mwizi wa betri". Anasema "aliyemuua mke wangu".

Kwa hiyo amechomelea mlango wa chuma wa kutokea paani. Wiki nzima alikuwa akirudi kutoka kazini anapiga nondo kama anapiga mtu. Kamati ya mtaa ikambishia nani akae na ufunguo, ikabaki kidogo washikane. Baba akasema, "Atakaa nao binti yangu. Huyu haongei. Hata akitaka kumwambia mtu, hawezi." Wote wakaridhika. Ninao shingoni kwa uzi. Ni mara ya kwanza kimya changu kunipa cheo.

Mtafika lini huku?

Mimi, Kasauti wako

4 Februari

Mwanangu Kasauti,

Marahaba. Barua yako imenikuta chini, nimekaa juu ya ndoo ya rangi, nakunywa chai iliyopoa. Nimeisoma mara tatu. Hongera kwa kuwa wa pili. Wa kwanza mwambie aanze kulala macho wazi.

Mgongo unaniuma, vingine vyote vizima. Kila mji tunafanya yale yale: tunapanda, tunateremsha mitambo ya zamani, tunafunga mipya, tunawasha, tunahama. Tatizo ni zile siku mbili za katikati, ambapo wa zamani tumeuzima na mpya haujawaka. Mji uliopita walitupiga mawe. Wanangojea mtandao wa kasi kwa miaka mitatu, halafu wanakosa kabisa kwa siku mbili, wanaona tumewadhulumu. Jiwe moja lilipasua kofia yangu ngumu nikiwa nusu ya mnara. Nilining'inia kwenye mkanda nikiwaona wanaokota mengine, na mawazo yangu yote yalikuwa kwamba wale ni watu wanaofanana kabisa na majirani zangu.

Nina mwenzangu hapa, fundi wa betri, tunamwita Nane kwa sababu waya wa chuma ulimkata vidole viwili. Ukimuuliza saa, anakuonyesha kwa mkono, ila saa tisa anasema hiyo muulize mtu mwingine. Hajawahi kugombana na mtu. Akikanyagwa yeye, yeye ndiye anaomba radhi.

Sasa sikiliza. Tarehe 23 dada yangu anatimiza mwaka tangu afariki. Ratiba ya kampuni inaanzia upande wa maofisi, mtaa wenu ni wa mwisho kabisa. Mimi nataka mnara huo uwe wa kwanza. Uliomwangusha mama yako uwake siku yake. Msimamizi wa kikosi ni mimi, nitajua cha kufanya. Tarehe 20 mchana nitamtuma Nane peke yake atangulie kushusha betri mbovu na kupima. Utamfungulia. Usishangae usipoona karatasi ya kampuni imebandikwa mlangoni, hiyo niachie mimi. Atakuletea na viatu vya shule.

Baba yako usimwambie. Sina la kuzungumza naye, na ruhusa siwezi kumwomba.

Mjomba wako

3 Machi

Kasauti,

Hujambo? Na baba yako? Mimi nipo.

Sijapata barua yako, pengine ipo njiani. Nane yupo hospitali ya huko mjini kwenu. Lori lilimsubiri barabara kuu kwa sababu kwenye mtaa wenu halipiti. Dereva alisubiri kwa saa mbili, akafuata kelele kwa miguu, akamkuta amelala chini ya lile bango ulilonisimulia. Alimtambua kwa mkono. Kwa uso hakumtambua.

Taya limevunjika, mbavu nne, goti la kulia limesagika, sikio moja halisikii. Nilikuja siku moja nikamwona, nikarudi. Kwenu sikupita. Amefungwa pingu kitandani, kwa sababu watu wa mtaa waliandikisha kwamba ni mwizi wa betri.

Nina maswali machache tu. Alifika kwako? Ulimwona? Viatu ulipata?

Mjomba

17 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kuona mwandiko wako. Hapa mvua zimeanza, dari ya jikoni inavuja, tumeweka sufuria ile kubwa ya Mama. Baba anakohoa zaidi, hataki dawa. Mwalimu wa maktaba amejifungua salama, mtoto wa kike. Tulifanya jaribio la hesabu, nimepata vizuri. Paka wa fundi cherehani amezaa kwenye sanduku la vitambaa na fundi hana moyo wa kuwafukuza, kwa hiyo anakata nguo zake barazani. Mtandao bado. Msichana wa kwenye bango amebanduka mkono.

Pole sana kwa habari za mwenzako. Siku ile nilikuwa shuleni, kwa hiyo nimesikia tu kwa watu. Wanasema walimkuta ngazini anashuka na betri begani, mama mmoja akapiga ukelele, filimbi ya ulinzi ikalia. Wanasema kofia yake iliteremka ngazi peke yake, ikagonga ngazi kumi na tatu, ikasimama mlangoni kama inamsubiri. Walimburuta nje. Wanasema alikuwa anajikinga kichwa kwa ule mkono wenye vidole vitatu, na kila alipopigwa alisema "samahani". Halafu ikaja nondo. Goti liliposagika lilitoa sauti kama mtu anatafuna barafu.

Viatu sijapata. Labda viliporwa.

Nisamehe barua fupi, kuna mitihani.

Kasauti

7 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Hongera kwa hesabu, na mpe mwalimu wako hongera ya mtoto. Hiyo dari wekeni turubai juu, sufuria haiwezi kuwa paa.

Tumeingia mjini. Tunalala kwenye makontena upande wa maofisi, na minara saba imeshawaka. Huku watu wanatazama picha zinazotembea huku wakitembea, wanagongana vifua njiani. Juzi wawili wamepigana kisa bega. Nilidhani mtandao mzuri utawapunguzia hasira.

Kutoka hapa naliona paa la jengo lenu nikiwa juu.

Nane ameanza kusema, kwa shida, kupitia meno yaliyofungwa waya. Alivyopigwa hakumbuki. Kumbukumbu yake inaishia mlangoni kwenu. Anasema, "Binti alinifungulia. Aliniambia, angalia kichwa, mlango ni mfupi." Analirudia hilo kila nikienda. Anasema sauti yako ni nzuri, kwa nini tunakuita Kasauti. Anauliza viatu vilikutosha, maana alivipima kwa kiganja chake, na kiganja chake kina upungufu.

Kampuni inasema siku ile hakuwa na kazi mtaani kwenu. Polisi wanasema kufuli halikuvunjwa, kwa hiyo ama alikuwa na ufunguo wa wizi, ama kuna aliyemfungulia. Tarehe 20 Mei anafikishwa mahakamani, atapelekwa na kiti cha magurudumu. Asipopatikana mtu wa kusema kwamba alifunguliwa mlango, ni mwizi, basi, na ana watoto watatu.

Wewe niambie tu, viatu vilikutosha?

Mjomba

26 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Baba hajambo. Mimi sijambo. Dari bado inavuja. Habari za nyumbani zimekwisha hapo, sina nyingine za kujificha nyuma yake.

Viatu vilinitosha. Viko chini ya kitanda, kwenye gazeti lile lile. Sijavivaa.

Barua hii niliiandika kwanza kwa ile lugha ya shuleni. Ilitoka nzuri mno. Ungeisoma ungedhani ni msiba uliotokea wenyewe, kama mvua. Nikaichana. Nakuandikia kama ninavyoongea peke yangu.

Siku ile sikwenda shule. Nilijifanya tumbo linauma ili nimngoje. Aligonga mara mbili kwa upole, akanipa viatu kabla hata hajakaa, akakataa maji. Nilimpandisha, nikamfungulia. Ni kweli nilimwambia angalia kichwa. Sijui ile sauti ilitoka wapi, lakini alikuwa amenichekesha. Nikashuka chumbani kujaribisha viatu. Hapo ndipo niliposikia ukelele na filimbi.

Nilitoka na viatu mkononi. Walikuwa wameshamtoa nje, wako kama ishirini. Muuza mkaa, yule aliyedondoka meno, alikuwa anampiga mateke kwa zamu na fundi cherehani, wale wale waliogombana, sasa wameelewana. Baba alikuja mbio kutoka kazini kwake, miwani ya kuchomelea ingali kichwani, na nondo mkononi. Watu wakampisha kama wanavyompisha njia bwana harusi. Pigo la kwanza lilikuwa goti.

Nane akaniona. Alinyoosha ule mkono, akasema, "Mimi fundi, nimetumwa. Muulizeni yule binti, ndiye kanifungulia."

Kelele zikakatika. Wote wakageuka. Baba akanijia. Mkono wake ulikuwa umelowa damu mpaka kwenye saa. Hakunifokea. Aliniuliza taratibu, kama ananiuliza kama nimekula.

"Unamjua huyu?"

Ufunguo ulikuwa shingoni, chini ya shati. Viatu vilikuwa mgongoni kwangu. Maneno yote yalikuwa mdomoni, kwa lugha zote mbili, yamejaa kama mate. Nikawaza: nikisema namjua, ataniuliza nimemjua kwa nani. Nikisema kwa Mjomba, ile nondo itanigeukia mimi. Nikatikisa kichwa.

Sikusema hata "hapana". Nilitikisa tu.

Baba akarudi. Na kuanzia hapo alimpiga tofauti, Mjomba. Mwanzoni alikuwa anampiga mwizi. Baada ya kichwa changu alikuwa anampiga mwizi aliyemsingizia binti yake. Taya, mbavu, sikio, vyote ni vya baada ya kichwa changu. Goti tu ndilo la kabla.

Nimekuwa nikihesabu hivyo kila siku.

Kuna jambo lingine. Kinyozi alirekodi kwa simu yake kuanzia mwanzo. Siku ile alitaka dunia ione mtaa wetu unavyoshughulikia wezi, akaituma mtandaoni pale pale, na unajua mtandao wetu. Mpaka leo kile kiduara cha kupandisha picha kinazunguka, kimefika asilimia nne. Walipokuja watu wa kampuni na kila mtu kuanza kusema hakuwepo, Baba akamwambia afute. Akasema amefuta. Juzi aliniita dukani, akanionyesha. Nimejiona natikisa kichwa. Kwenye ile picha naonekana kama mtu mwenye hakika.

Akaniambia hafuti, kwa sababu picha ndiyo shahidi kwamba yeye hakuinua mkono. Nikamwandikia kwenye kipande cha gazeti: kwa nini huipeleki polisi? Akasema, "Kwenda pale kwa miguu naogopa, mdogo wangu. Lakini mtandao mpya ukiwaka itapanda yenyewe. Kidole sihitaji hata kuinua."

Kwa hiyo mtaa mzima unausubiri mnara uwake, watazame mpira. Mimi nausubiri kama mtu anavyosubiri kuitwa jina. Na atakayeuwasha ni wewe.

Usinionee huruma. Nataka kujua nifanye nini.

Kasauti

6 Mei

Mwanangu,

Nimeipata barua yako. Sitakuuliza habari za nyumbani.

Nilijua. Siku ile nilipokuja hospitali, dereva alikuwa ameshaniambia walichosimulia watu: kwamba mwizi alimsingizia binti wa fundi wa kuchomelea, na binti akakana. Nilijua tangu kabla ya barua ya kwanza ya maswali. Kila barua nilikuwa nakuachia mlango wazi uingie mwenyewe. Nilijiona mtu mzima mwenye subira. Sasa nikuambie subira yangu ilikuwa ya aina gani.

Katika kazi yetu, siku tatu kabla ya kupanda jengo, msimamizi anabandika hati kwenye mlango wa chini. Ina muhuri, ina picha ya fundi, ina tarehe. Hata mtoto akiiona anajua yule si mwizi. Mimi sikuibandika. Niliruka ratiba, na hati haitolewi kwa kazi iliyorukwa. Ningeweza kuja mwenyewe nikagonga kwa baba yako, nikasema shemeji, kesho anakuja mtu wangu. Maneno matano, sita. Sikuyasema kwa sababu mwaka jana, kwenye mazishi, alinikunja shati akaniuliza nilikuwa wapi mnara ulipokufa, nami nilikuwa juu ya mnara mwingine, mbali, nimezima simu. Nikaona bora nimtume mwenzangu apite kwa mtoto wa miaka kumi na sita.

Mkurugenzi alipotuita akaniuliza mbele ya watu: "Wewe ndiye uliyemtuma?" Nina watu tisa chini yangu, nina mgongo mbovu, kazi nyingine sijui. Niliangalia viatu vyangu. Nikasema sikumbuki kutoa agizo hilo.

Kwa hiyo nawe hujatikisa kichwa peke yako. Wewe ulikuwa mbele ya nondo. Mimi nilikuwa mbele ya meza na chupa za maji.

Jumatatu ninakwenda kusema. Watanifukuza, sawa. Lakini neno langu peke yake litaonekana la rafiki anayemwokoa rafiki. Aliyemfungulia ni wewe, na barua yangu ya Februari unayo, ina mwandiko wangu na tarehe.

Najua ninachokuomba. Ukisema ulimfungulia, utaulizwa nani alikuwa na nondo. Siwezi kukulazimisha umtaje baba yako. Ila nina uwezo wa jambo moja. Minara yote ya mjini imekwisha kuwaka isipokuwa mmoja. Kikosi changu kinaniuliza kila siku, kampuni inapiga simu, majirani zenu wameanza kutishia kuchoma magari yetu. Nimesema kuna kifaa hakijafika. Kifaa kipo, nimekilalia. Nitakishikilia mpaka jioni ya tarehe 15. Baada ya hapo, nikiwepo au nisiwepo, watauwasha.

Sema kabla picha haijasema. Ikitangulia picha, utakuwa umeonekana. Ukitangulia wewe, utakuwa umesema.

Na kama huwezi, bado ni mwanangu.

Mjomba

16 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Naandika upande wa kushoto wa meza kwa sababu wa kulia umevunjika mguu, utaelewa mbele.

Juzi Baba aliporudi kula nilisubiri amalize. Nikasema, "Nilimfungulia mimi." Aliacha kijiko. Nikasema tena, kwa sababu ya kwanza haikutoka vizuri. "Yule fundi. Mjomba ndiye aliyemtuma. Nilimjua. Ulipouliza, nilimjua."

Alinipiga kofi nikaangukia meza, ndipo mguu ule ukavunjika. Mdomo ulijaa damu. Ajabu ni kwamba maneno yalipata njia ndani ya ile damu, yakawa yanatoka tu. Nilimwambia viatu. Nilimwambia angalia kichwa. Alinyanyua mkono mara ya pili na mimi sikunyamaza, nikamwambia betri alikuwa anazishusha ili zije mpya, ili tarehe 23 ya Mama mnara wetu uwe wa kwanza kuwaka. Mkono ukabaki juu. Nikampa barua zako mbili, ya Februari na ya mwezi huu.

Baba anasoma polepole, unajua, kwa kidole. Alikaa sakafuni, akasoma mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Kwenye karatasi ameandika shemeji?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Angekuja tu. Angegonga tu."

Jana asubuhi nilivaa viatu. Vinabana kidogo kidoleni. Kituo cha polisi ni mwendo wa nusu saa. Sikugeuka nyuma mpaka kwenye daraja, na nilipogeuka nikamwona anakuja, hatua kama thelathini nyuma yangu, na nguo za kazi, bila kitu mkononi. Hakunikaribia wala hakuniacha.

Askari wa mapokezi aliniambia nipaze sauti. Nikapaza. Akaniambia tena, nikapaza tena, mpaka waliokuwa kwenye benchi wakageuka wote, kama siku ile. Nilivua uzi shingoni nikaweka ufunguo juu ya meza, na barua yako juu yake. Nilieleza yote. Alipouliza nani alikuwa na nondo, niliutazama ufunguo. Nikasema, "Baba yangu." Sauti ilisikika, Mjomba. Nilitamani isisikike, lakini ilisikika.

Baba aliinuka kutoka kwenye benchi la nyuma. Hakuna aliyemwita. Akaja mezani, akanyoosha mikono yote miwili pamoja, na askari ikabidi atafute pingu kwenye droo tatu. Kabla hawajamwingiza ndani aliuliza wodi ya yule fundi ni namba ngapi. Hakuna aliyemjibu. Ukiijua, niambie nimpelekee jibu.

Waliwasha mnara jioni ile. Nilijua kwa kelele za watu barabarani, wakicheka, wakiitana watazame. Nilipofika nyumbani mtu mmoja alinitemea mate ngazini, wengine walinipisha bila salamu. Kinyozi alikuwa amesimama mlangoni kwake, mweupe kama sabuni. Akanionyesha simu. Kiduara hakipo.

"Imepanda," akasema. "Sekunde tatu tu."

Nikamwambia nimetoka polisi, nimefika kabla ya hiyo picha.

Mlango wa paani umebaki wazi, ufunguo uko kwa polisi. Tarehe 20 nitakwenda kumwona Nane akisukumwa mahakamani, na nitakaa mbele, anione vizuri. Akikumbuka, na akumbuke.

Hii usinijibu kwa karatasi. Baba aliacha simu yake juu ya kitanda changu, imejaa chaji. Namba ni ile ile, uliyoacha kuipiga mwaka jana. Piga. Nitapokea mimi, na nitaongea.

Binti wa dada yako